Salamu za Kinamama wa Mwaloni

Baada ya darasa la saba nilijisomea mwenyewe, kwa ratiba niliyoibandika ukutani. Kwa hiyo nilipoombwa kuwasimamia vijana waliojitolea kufundisha watu wazima kusoma hapa Segese, niliwaandalia ratiba. Salamu dakika tano, herufi dakika arobaini, mazoezi robo saa.

Mmoja wao alikuwa binti wa Ngokolo, mjini, aliyemaliza kidato cha nne na kusubiri matokeo. Nilimpa darasa la kinamama wanaoosha mawe ya dhahabu mwaloni, penye mabwawa ya wachimbaji. Mwanzoni alifuata ratiba. Kinamama waliitikia herufi kwa sauti ndogo, kisha wakaenda zao.

Wiki ya nne nilimkuta amepiga goti mbele ya mama mmoja mzee.

“Mwangaluka, mayu,” alimwamkia kwa Kisukuma.

“Huyu wa mjini anasalimia kama anafukuzwa na nyuki!” mama alicheka. “Rudia. Nyumbani hujauliza, ng’ombe hujauliza.”

Alirudia, akauliza yote, akahamia kwa anayefuata. Nusu saa ikaisha. Kisha akawaelekeza kuandika majina ya watoto waliowataja kwenye salamu, na kwa mara ya kwanza niliona wakigombea chaki.

Niliingilia kati. “Binti, hatukuja hapa kupiga soga. Herufi za leo ziko wapi?”

“Samahani, mwalimu,” alisema, huku wote wakimtazama.

Jumamosi iliyofuata aliwasalimia kwa pamoja, amesimama: “Hamjambo?”

“Kuna msiba?” yule mama mzee aliuliza. Hakuna aliyecheka.

Mimi ni Msukuma wa huku huku. Nilijua kwamba salamu ya mkato ina maana ya msiba au ugomvi. Niliona tu kwamba darasani haituhusu.

Wakaja wanne, kisha mmoja, kisha hakuja mtu.

“Mwalimu, niruhusu niende mwaloni nikawaombe radhi,” binti aliniambia. “Watarudi. Nawajua sasa, hadi wajukuu zao.”

“Darasa liko hapa na saa inajulikana. Mwenye nia atakuja.”

Aliomba tena wiki iliyofuata. Nilikataa tena, nikaandika kwenye ripoti kuwa kinamama hawakuwa na nia ya kusoma. Ilihitaji saini ya mwalimu wa darasa. Aliisoma, akashika kalamu.

“Ndivyo ilivyokuwa, mwalimu?”

“Saini.”

Akasaini.

Matokeo yalipotoka alifaulu, akaja kuaga. Nilimpa barua ya kuthibitisha kwamba alijitolea, ya ukurasa mzima. Niliandika kwamba anawahi, ni mtiifu, na hufuata maelekezo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma hadi mwisho, akaikunja.

Nakala yake ninayo. Nimeisoma mara nyingi. Ndani yake hakuna neno hata moja kuhusu Kisukuma alichojifunza kwa kinamama wale, wala kuhusu siku waliyogombea chaki.