Mashine Ndogo Tuliyoifunza Kukimbia

Mashine ilifika kwa lori ikiwa ndani ya sanduku la mbao, zawadi ya wafadhili kwa chuo chetu cha ufundi pale Kericho. Ilikuwa mashine ya kuchonga chuma, ndogo kiasi cha kukaa juu ya meza, na tofauti na zile kuukuu tulizozungusha kwa mkono, hii iliongozwa na kompyuta. Unaiandikia amri, inajipeleka yenyewe huku na huku. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufumwa kama televisheni ya sebuleni. Mimi nilikuwa mwalimu wa karakana, mwanamke pekee katika idara yetu, na ndimi niliyepelekwa Nairobi kujifunza kuitumia. Nyumbani Boito majirani walidhani nimeenda kusomea taipu.

Tulipoanza kuitumia tulichonga mbao laini na plastiki tu, wanafunzi wapate kuona inavyofanya kazi. Halafu ndugu yangu akaja.

Ndugu yangu mkubwa haoni. Surua ilimchukua macho angali mdogo, akasoma hivyo hivyo mpaka akawa mwalimu katika shule ya watoto wasioona. Asubuhi hiyo aliingia karakana akiongozwa na fimbo yake na sauti za mashine, akaniuliza niko upande gani, kisha akatoa mfukoni kibao cha kuandikia breli. Ni vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa bawaba. Karatasi inawekwa katikati. Kipande cha juu kina madirisha madogo, cha chini kina vishimo sita sita. Mwandishi anadunga karatasi kwa sindano butu kupitia dirishani, na kila kishimo kinaacha kinundu ambacho kidole kitasoma. Bawaba ya kibao chake ilikuwa imekatika, imefungwa kwa waya.

"Watoto wanaandika kwa zamu," akaniambia. Tulikuwa tunaongea Kipsigis, kama kawaida yetu. "Mmoja anaandika, wengine wanamngoja. Hii mashine yenu ya kompyuta haiwezi kututengenezea?"

"Inaweza," nikamjibu, hata kabla sijafikiri.

Nilichonga cha kwanza kwa bati nene la alumini. Kwa macho kilipendeza. Ndugu yangu alipokuja tena alipitisha kidole mara moja tu, akatia karatasi, akaandika maneno machache, akaichomoa. Ilikuwa imechanika hapa na pale.

"Vishimo vina makali," akasema. "Vinashika karatasi kama ukucha uliovunjika. Mtoto akisoma hii atafikiri ni mchanga."

Sikukasirika, kwa sababu nilijua kosa liko wapi. Kisu cha kuchongea vishimo kilikuwa chembamba kama njiti ya kiberiti, na kisu chembamba hivyo kinataka kuzunguka kwa kasi sana. Kikienda polepole hakikati. Kinakwaruza, alumini inaganda kwenye meno yake, na mara kinavunjika. Mashine yetu, hata ukiiamuru iende mwisho wa uwezo wake, ilizungusha kisu kama mara elfu mbili tu kwa dakika. Kwa visu vinene hiyo ilitosha. Kwa hiki haikutosha.

Nikamwendea mkuu wa idara, mzee wa makamo kutoka upande wa Kisii, fundi aliyeipenda kazi yake na kuogopa barua za wafadhili.

"Nataka kuiongezea mwendo," nikamwambia. "Nibadilishe puli. Kubwa ikae kwenye mota, ndogo ikae juu kwa kisu."

"Madam, hiyo mashine ni zawadi ya watu," akasema. "Ikiungua tutawaambia nini?"

"Tutawaambia ilikuwa inafanya kazi."

Aliniangalia, halafu akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango. "Basi twende pole pole. Na puli zake za zamani zifungwe vizuri kwa karatasi, tukishindwa tunazirudisha."

Puli, yale magurudumu mawili yanayovutwa kwa mkanda, nilizikereza mwenyewe, na sikuwaachia wanafunzi hata kuzing'arisha. Tulizifunga, tukarudisha mkanda, nikawasha. Meza ilitetemeka mpaka kikombe cha chai cha mkuu kikaanza kutembea kuelekea ukingoni. Akakidaka, nami nikazima. Puli ya mota ilikuwa nzito upande mmoja. Niliitoa, nikaipitisha kwenye fimbo laini iliyolazwa juu ya kingo mbili za chuma, nikaiacha ijiviringishe. Upande mzito ulishuka chini kila mara, na hapo ndipo nilipotoboa matundu madogo, nikipunguza kidogo kidogo, mpaka puli ikakubali kutulia popote nilipoiacha.

Mara ya pili haikutetemeka. Lakini baada ya muda mfupi sehemu inayoshika kisu ilipata moto hata mkono haukuvumilia.

"Ni grisi," mkuu akasema akiwa ameinamisha sikio. "Imejazwa nyingi, tena nzito. Kwa mwendo wa zamani ilikuwa sawa. Sasa beringi zinaikoroga kama ugali."

Tulizifungua beringi, zile pete za gololi zinazoushika mhimili wa kisu, tukaziosha kwa mafuta ya taa, tukazipaka grisi nyepesi, kidogo sana. Tulipomaliza kuzirudisha mvua ya mawe ilianza kupiga mabati, kama ilivyo kawaida ya Kericho mchana, na stima ikapotea. Tulikaa pale tukila mahindi ya kuchoma ya wanafunzi, tukisikia mawe yakiharibu majani chai ya watu.

Kesho yake tuliiendesha kwa mwendo mdogo kwanza, tukaipumzisha, tukaongeza, tukaipumzisha tena. Kila mara mkuu aliweka kiganja chake pale na kuitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Fundi mmoja wa kiwanda cha chai cha Mogogosiek, tuliyesoma naye, alituazima kifaa cha kuhesabu mizunguko. Nilikigusisha kwenye ncha ya mhimili. Sindano yake ilipanda, ikapita elfu nne, ikatulia hapo. Kompyuta yenyewe bado iliamini inazunguka elfu mbili, kwa hiyo nilibandika karatasi juu ya kioo chake: "Zidisha hesabu hii mara mbili na zaidi kidogo."

Nilifunga kisu chembamba, nikapaka alumini mafuta ya taa kwa brashi, nikabonyeza. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, nyembamba na safi. Vumbi la alumini lilirukaruka likimeta, na kishimo cha kwanza kilipokamilika niliona mng'ao chini yake kama wa jicho la samaki. Kisu kikainuka, kikasogea, kikashuka. Hakikuvunjika. Wanafunzi waliacha kazi zao wakaja kusimama nyuma yetu, na hakuna aliyewafukuza.

Ndugu yangu alipokuja kujaribu alivuta stuli, akatia karatasi, akaanza kuandika. Aliandika kwa kasi, kama mtu aliyenyimwa kuongea, mpaka akaujaza ukurasa. Akaichomoa karatasi, akaigeuza, akaisoma kwa vidole viwili toka juu mpaka chini. Haikuwa na tundu hata moja.

"Sasa hiki ni kibao," akasema kwa Kipsigis. "Tengeneza vingine."

Mkuu, asiyejua lugha yetu, alishindwa kuvumilia. "Madam, amesema nini?"

"Amesema tuendelee."

Mkuu alipiga makofi peke yake, kwa nguvu, katikati ya karakana.

Tuliendelea muhula mzima, mpaka kila mtoto wa darasa la ndugu yangu akawa na kibao chake. Siku ya kuvipeleka nilikaa nyuma ya darasa. Waliandika wote kwa pamoja, na mdundo wa zile sindano ulijaa chumbani. Nilijikuta nimekaa wima, mikono magotini, kama bibi harusi anayepigwa picha.

Jumamosi nilienda Boito. Baba alikuwa kwenye kituo cha kununulia majani chai, na nilimsikia kabla sijamfikia. Alikuwa akiwaeleza wakulima wenzake, kikapu kikiwa bado mgongoni, kwamba binti yake amechukua mashine ya wazungu iliyokuwa inatembea akaifunza kukimbia.

"Kwa mkono wake!" akasema, akainua mkono wake mwenyewe kuwaonyesha.

Mmoja wao aliniona, akaniuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," nikamwambia, nikampokea baba kikapu.