Mtoto Aliyeandikwa Amehama

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu bado umelalia majani chai, na Drusilla Nyamwange ananing'iniza mizani ya watoto kwenye boriti ya banda la kukusanyia majani. Karani wa majani hafiki hapa mpaka saa tatu. Kabla ya hapo, banda ni la Drusilla.

Akina mama wamepanga foleni, watoto mgongoni, vikapu vya kuchumia vitupu miguuni. Wanamwita daktari, ingawa si daktari, na wanamtania kila anapovuta mizani.

"Leo usitukate kilo ya gunia," mmoja anamwambia, kwa maana karani hukata uzito wa gunia kila siku na hakuna mkulima anayemwamini. Foleni yote inacheka.

Drusilla anacheka nao, lakini macho yake hayatulii. Kila mara anatazama njia inayopanda kutoka kijito. Anamngoja mtoto mmoja wa kike anayeitwa Chelimo, mwenye miezi sita, ambaye hajawahi kuletwa kwenye mizani hii. Kaka yake Chelimo alifariki mwaka jana, na Drusilla anaamini kwamba yeye mwenyewe alichangia kifo hicho.

Ana miaka arobaini na sita, na majirani humwita Mama Ombati, kwa jina la mwanawe. Ni mhudumu wa afya ya jamii katika vijiji viwili vya nje ya mji wa Sotik. Alizaliwa upande wa Kisii, akaja huku na mumewe aliyepata kazi ya kuchuma majani, na siku hizi harudi kwao ila kwa matanga. Kikipsigis chake, anakiri mwenyewe, ni cha sokoni. Anajua kusalimia na kununua maziwa, basi.

Miaka mitatu iliyopita alipewa simu ya kazi. Ndani yake, mpango mmoja wa majaribio uliunganisha taarifa ambazo zamani zilikaa mbalimbali: chanjo na uzito kutoka zahanati, majina ya watoto wa chekechea, na familia zinazopewa unga wa lishe. Zamani muuguzi hakujua anachokijua mwalimu, na mwalimu hakujua kama nyumbani kwa mtoto kuna uji. Sasa mtoto akipungua uzito, wote wanamwona siku hiyo hiyo.

Drusilla hataki mtu aje kuubeza mpango huo mbele yake. Anasimulia habari za binti wa jirani yake Mageto, aliyekuwa akilala darasani. Mwalimu wa chekechea aliandika hivyo tu, kwamba mtoto analala. Zahanati ikaona, ikakumbuka kwamba damu yake iliwahi kuwa pungufu, ikamwita. Leo binti huyo anawasumbua wenzake kutwa.

Kipruto hakubahatika hivyo.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa Nelvine, mchuma majani anayeishi ng'ambo ya kijito na mama mkwe wake, Elmina. Tangu mapema mwili wa Kipruto haukunenepa. Utepe wa kupimia mkono ulisoma manjano, rangi ya tahadhari kabla ya nyekundu ya hatari, familia ikaanza kupewa unga, na muuguzi akawa anampigia Nelvine simu kila anapochelewa kliniki. Kisha Kipruto akaanza kulia usiku na mchana, na homa haikuisha.

Elmina alifanya alichofundishwa na mama yake. Aliwaita wanawake wazee wa ukoo, wakakaa na mtoto, wakaanza kutaja majina ya watu wa ukoo waliokwisha kufa, moja baada ya jingine, wakingoja apige chafya kwa lile lililo lake. Alipiga chafya kwa jina la Kimeli. Basi Kipruto halikuwa jina lake; ndiyo maana alikuwa anaugua. Tangu siku hiyo jina la zamani halikupaswa kutamkwa ndani ya nyumba ile, lisije likarudi na ugonjwa.

Msomaji anayeona ujinga hapo hajawahi kukesha na mtoto asiyenyamaza. Bibi yule alikuwa ameishiwa na njia, akashika ile aliyoijua.

Wiki chache baadaye, Drusilla alifika mlangoni. Mhudumu wa kijiji hicho alikuwa amehamia Mulot, na Drusilla ndiye aliyekabidhiwa nyumba zake. Hakuwajua watu. Simu ilimwambia kuna mtoto aliyekosa kliniki, akauliza kama Kipruto yupo.

Elmina alimjibu kwa utulivu kwamba mtoto wa jina hilo hayuko hapa.

Drusilla hakushangaa. Watoto wa wachuma majani huhamishwa kila msimu, leo Sosiot kwa shangazi, kesho Mulot kwa babu. Alishukuru, akabonyeza neno amehama, akaenda nyumba ya pili. Mtoto alikuwa amelala chumba cha ndani.

Zamani kosa kama hilo lingeishia pale pale mlangoni. Muuguzi angeendelea kupiga simu kwa sababu zake, na watu wa unga wangeendelea kuleta unga kwa sababu zao. Lakini sasa wote walikuwa wanasoma mahali pamoja. Neno moja liliwafikia wote kabla Drusilla hajavuka kijito. Simu za muuguzi zikakoma. Unga ukakoma. Nelvine alidhani mpango umekwisha kama mipango mingine, akaenda zake kuchuma majani.

Mtoto alipoanza kukohoa, alimpeleka zahanati nyingine ya upande wa soko. Akaandikwa Kimeli, mtoto mpya. Walimpima pia. Lakini kwa uzito mmoja huwezi kujua kama mtoto anapanda au anashuka, na miezi yote aliyokuwa akishuka ilikuwa imebaki kwenye jina lingine.

Alifariki kwa nimonia wakati wa mvua za masika, mwili ukiwa umebaki mifupa.

Drusilla alikwenda mazishini kama jirani, na sukari yake mkononi. Ni huko ambako Nelvine, akiwa hajiwezi kwa kilio, alimnong'oneza jina la kwanza la mtoto.

"Nilikaa chini kwa matope," Drusilla anasema. Anafuta macho kwa pindo la leso, hajali nani anamtazama. "Mimi ndiye nilimhamisha. Mtoto alikuwa ndani ya nyumba, na mimi nikamhamisha na kidole."

Hakuficha. Alirudi baada ya matanga akamwambia Elmina yote, na Elmina akafunga mlango. Haujafunguka tangu wakati huo.

Ndipo akazaliwa Chelimo. Kwa utaratibu wa mpango, mtoto ambaye ndugu yake alikufa akiwa na utapiamlo hufuatwa kila wiki na kupewa unga bila kungoja akonde. Lakini simu haijui kama Chelimo alikuwa na kaka. Kuna Kipruto wa Nelvine, aliyehama. Kuna Kimeli aliyefariki, na hakuna aliyeandika mama yake. Ili waunganishwe, mtu wa familia lazima aseme kwamba hao wawili ni mmoja. Elmina hataki jina lile litamkwe, sasa kuliko zamani, kwa kuwa kuna mtoto mchanga ndani. Nelvine naye hawezi kumpita mama mkwe wake. Na tangu wiki iliyopita, majirani wanasema, Chelimo hanyonyi vizuri.

Foleni imebaki watu watatu wanapotokea njiani wanawake wawili. Aliyetangulia ni Elmina, na mtoto yuko mgongoni mwake; nyuma yake ni Nelvine.

Elmina hasalimii. Anamshusha mtoto, kisha anamwambia Drusilla kwa Kiswahili, polepole, ili asihitaji kurudia.

"Mama Ombati, andika. Yule mtoto wetu alikuwa Kipruto. Tukamwita Kimeli ndiyo apone. Hakupona."

Nelvine anajifunika uso kwa mikono. Drusilla anaandika, kisha anampokea Chelimo, anamweka kwenye mizani na kumzungushia utepe mkononi. Utepe unasoma manjano. Si nyekundu. Elmina anaambiwa unga utaletwa wiki hii, na kwamba leo leo watashuka pamoja zahanati, na anaitika kwa kichwa.

Drusilla ana ombi ambalo amelipeleka kwa wenye mpango na bado anangoja jibu: neno amehama lisikubaliwe mpaka mtoto aonekane huko alikohamia, na kila mtoto aandikwe chini ya mama yake, hata awe na majina mangapi. Lakini kwa vijiji vyake viwili hajangoja jibu la mtu.

"Siku hizi siulizi jina mlangoni," anasema, akimfunga Chelimo mgongoni mwa bibi yake. "Nasema, gogo, bibi yangu, nionyeshe watoto wote wa nyumba hii. Hata aliyelala."