Sauti ya Ndila Kwenye Pikapu

Duka la Ndila limepakana na langu hapa soko la Kalamba. Kati yetu kuna ukuta mmoja wa mabati, kwa hivyo maoni yake yote nimeyasikia, hata yale ambayo sikuyataka. Mimi hushona sare za shule. Yeye hutengeneza simu na kompyuta, huchapisha barua, huwajazia watu fomu za serikali. Ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, na akishika bisibisi, mdomo nao unaanza kazi.

"Mama Muli, njoo uone huu upuzi!" aliniita siku moja. Nilimkuta ameipasha moto simu ya mteja kwa mashine ya kukausha nywele ili kifuniko kiachie. "Betri wameibandika na gundi. Gundi! Mtu amesoma miaka mitano chuoni, halafu kazi aliyofanya ni kuhakikisha simu ya mkulima wa ndengu haifunguki. Ningempata huyo mtu ningembandika yeye kwa kiti."

Kuhusu muziki alisema kaseti ya baba yake ilikuwa yake mpaka ikakatika, lakini siku hizi wimbo unaukodi, na bando ikiisha mwimbaji ananyamaza katikati ya neno. Kuhusu filamu alisema zimekuwa ndefu kwa sababu hakuna mtu anayethubutu kumwambia mwenye pesa akate. Kuhusu kazi ndiyo usiseme. Aliwahi kuajiriwa kule Kitui mjini, ofisi ya watu fulani wa bima, na wakaweka programu ya kuhesabu ni mara ngapi mfanyakazi amegusa kibodi. Jirani yake wa meza alikuwa akiandika herufi moja ukurasa mzima na akapewa cheti cha mfanyakazi bora. Ndila akikaa kufikiria, skrini ilimtumia onyo. Alivumilia miaka miwili akarudi nyumbani. "Bosi akikwambia sisi hapa ni familia," alisema, "ujue Jumapili uko kazini."

Lakini kompyuta zenyewe alizipenda. Hilo watu hawakulielewa, walidhani mtu anayelalamika hivyo anachukia. Alikuwa akikasirika kwa niaba yazo, kama mtu anayependa ng'ombe akiona ng'ombe wa jirani amefungwa kamba fupi.

Basi mwaka juzi akapata kazi ya mtandaoni. Kampuni ya ng'ambo ilitaka watu wa kusoma sentensi za Kikamba kwenye kipaza sauti, ili mashine zijifunze kuongea. Alifurahi, na Ndila kufurahi si jambo la kila wiki. Mama yake, Ndunge, ambaye yeye humwita mwaitu, anakaa juu Mbooni na hajui kusoma. Kila ujumbe unaoingia kwenye simu yake lazima atafute mtu wa kumsomea.

"Fikiria, Mama Muli. Simu imsomee mwaitu mwenyewe, kwa Kikamba. Asisumbue jirani akitaka kujua kliniki ni lini."

Alisoma sentensi elfu nne. Alijifungia nyumbani kwake, blanketi kichwani ili jogoo wasisikike, jasho likimtiririka. Zingine hazikuwa na maana yoyote. Gari la moshi la samawati limechelewa. Mfalme amepoteza kofia yake. Wakati wa chakula cha mchana alinirudishia hizo sentensi kwa sauti ya mtangazaji na tukacheka mpaka muthokoi yetu ya mahindi ikapoa. Kazi ikaisha, akalipwa, tukasahau.

Mwaka huu, mvua fupi zilipokuwa zimekawia, Ndila alipigiwa simu kwamba mama yake ameanguka shambani. Nilifunga duka nikaenda naye. Tulimkuta Ndunge kwenye kituo cha afya, amelala, mkono wa kushoto haufungi ngumi. Muuguzi alituuliza ni kwa nini mgonjwa aliacha dawa za presha. Siku tisa hakuwa amemeza hata kidonge kimoja.

Ndila akamwinamia. "Mwaitu, kwa nini uliacha dawa?"

Yule mama akamtazama kama mtu anayeulizwa swali la kipumbavu. "Si wewe ulisema?"

"Mimi?"

"Ulisema vidonge vya hospitali vinachosha damu. Ukasema ninywe ile ya chupa."

Ndila alinitazama. Mimi nikatazama sakafu, maana nilijua sote wawili tunafikiria kitu kimoja, kwamba akili ya mama imeanza kuyumba. Ndila akamwambia kwa upole apumzike, yeye hajasema hivyo. Ndunge akaguna. "Nimekuzaa. Sauti yako naijua."

Chupa tuliikuta nyumbani, chini ya kitanda. Maji ya rangi ya chai, karatasi imechapishwa vibaya, picha ya goti lenye miale. Ndila aliinusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. "Sukari iliyoungua na tangawizi," akasema.

Siku ya soko iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye cherehani nikasikia Ndila anatangaza. Sauti kubwa, ya furaha, kwa Kikamba kizuri: kina mama, magoti yanauma? Migongo? Acheni vidonge vya hospitali, vinachosha damu. Nikasema moyoni, huyu leo amepata kazi ya kutangazia kanisa ama ni nini? Nikatoka nje. Ndila mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni pake, mdomo umefungwa, bisibisi mkononi.

Pikapu nyeupe ilikuwa imeegeshwa karibu na wauza maembe, spika mbili juu ya paa. Watu walikuwa wamejipanga.

"Hiyo sauti haivuti pumzi," Ndila akasema polepole. "Sikiliza. Hakuna mahali inavuta pumzi."

Halafu akaanza kutembea. Mimi nyuma yake, futi ya kupimia bado shingoni.

Kwenye pikapu kulikuwa na mwanamume wa kofia, anapokea pesa na kutoa chupa. Hakuwa mtu wa huku, Kikamba hakujua. Ndila akamwambia kwa Kiswahili azime.

"Madam, subiri laini."

"Nimesema zima. Hiyo ni sauti yangu."

Yule mtu akacheka, bila ubaya hata. "Hiyo si sauti ya mtu, madam. Ni kompyuta. Mimi naandika maneno, inasoma. Nililipia kwa mtandao."

"Mimi ndiyo hiyo kompyuta!"

"Sasa unataka nifanye nini? Iko hapo, kila mtu ananunua. Hata ya Kimeru iko."

Nimemjua Ndila miaka kumi na moja na hasira zake nazijua zote. Ile ya gundi, ile ya bando, ile ya fomu za serikali zinazogoma ukifika ukurasa wa mwisho. Hizo ni hasira za kuchangamsha damu. Hii ilikuwa nyingine. Akapanda kwenye pikapu, akang'oa waya wa spika, na katika ule ukimya akageukia watu akaongea, bila kipaza sauti. Alirudia tangazo lile neno kwa neno: kina mama, magoti yanauma? Watu wakashtuka. Ilikuwa sauti ileile, ila sasa ilikuwa inavuta pumzi. Kisha akawaambia: huyu ni mimi, na mimi sijawahi kusema maneno hayo. Mama yangu amelazwa kwa sababu aliisikia pikapu hii kule Mbooni akaamini. Rudisheni hizo chupa.

Nilidhani mambo yataisha hapo. Nilidhani watamgeukia yule wa kofia.

Mulinge, fundi wa baiskeli, ambaye mke wake alikuwa ameshanunua chupa tatu, ndiye aliyeongea kwanza. "Kwa hivyo ni wewe."

"Ni sauti yangu, lakini—"

"Ni sauti yako. Umekubali mbele ya watu. Walikulipa?"

Ndila si mtu wa kudanganya. "Walinilipa kusoma sentensi. Sentensi zingine, si hizi."

"Walikulipa!" Mulinge akawageukia wengine. "Amekula pesa ya kutudanganya, sasa hawakumuongeza ndio amekuja kupiga kelele!"

Mama mmoja akamrushia chupa, ikampiga begani. Mwingine alimwambia alimwamini kwa sababu ni mtoto wa Ndunge, na Ndunge ni mtu wa heshima. Mimi nilipiga kelele nikimtetea lakini nani anamsikia mshona sare? Na tulipokuwa tunasukumana hivyo, yule wa kofia alimwomba Ndila ashuke, kwa adabu kabisa, akarudisha waya wake, akawasha gari, akaenda. Hakuna aliyemzuia. Vumbi lilipotulia, aliyebaki wa kulaumiwa alikuwa mmoja.

Tulienda polisi. Ofisa alifungua kitabu akauliza ni nini kimeibwa.

"Sauti," Ndila akasema.

Ofisa akashusha kalamu. "Lakini bado unaongea."

Ndila alitoka moja kwa moja hadi dukani, akawasha kompyuta.

Aliwaandikia wale wa ng'ambo barua ya kurasa mbili. Jibu lilifika kabla hajainuka kwenye kiti, kwa hivyo tulijua hakuna binadamu aliyeisoma. Lilimshukuru. Lilisema kampuni inaithamini sana sauti yake. Hapo alicheka kicheko kibaya, akatoa mkataba aliokuwa ametia sahihi mwaka juzi, kurasa kumi na nne, akausoma wote kwa mara ya kwanza. Kwenye ukurasa wa kumi na moja iliandikwa kwamba amewapa sauti yake kwa matumizi yoyote, popote, milele, na wanaweza kumpa mtu mwingine yeyote haki hiyo.

"Mimi," akasema, akijipiga kifua. "Mimi ninayewasomea watu fomu! Mimi ninayewacheka wakibonyeza 'nakubali' bila kuangalia! Nilikuwa na haraka ya kuanza, Mama Muli. Nilikuwa na furaha." Akakiinua kiti cha plastiki akakitupa nje mlangoni. Nilikiokota nikakirudisha.

Wateja walipungua. Mulinge alipeleka simu yake kutengenezwa kwingine na akahakikisha tumeona.

Halafu akaja Mwalimu Eunice, anayefundisha chekechea huku chini, na hati kwenye simu yake ya kuchapishiwa. Ulikuwa mkataba uleule, kampuni ileile, safari hii walitaka sauti za watu wanaosimulia hadithi za watoto. Ndila aliuchapisha, lakini hakumkabidhi. Alisimama katikati ya duka akamsomea ukurasa wa kumi na moja kwa Kikamba, neno moja moja.

"Nimesikia," Eunice akasema. "Nipe kalamu."

"Mwalimu, umenielewa? Wanaweza kukusemesha chochote. Watoto wako darasani wataisikia sauti yako ikiwaambia chochote."

"Nina wawili sekondari, Ndila. Nimekuelewa vizuri sana."

Ndila akamsihi angalau aukate mstari ule kwa kalamu kisha atume hivyo. Eunice akakubali, nadhani kwa kuchoka kubishana. Wakaukata, wakatuma. Saa mbili baadaye jibu likaja: nafasi imejazwa.

Eunice alirudi amefura. "Umefurahi sasa? Wewe ulikula, ukashiba, ukaniondolea sahani!"

"Nilikuwa nakulinda."

"Nani alikuomba?"

Kesho yake Eunice alipanda gari kwenda Kitui mjini, akaingia saiba nyingine ya intaneti, akaomba upya kwa barua pepe ya mume wake, akatia sahihi bila kukata kitu. Walimchukua. Namjua Eunice, si mtu mbaya, na wale watoto wako shuleni mpaka leo. Nilimwambia Ndila hivyo, nikitaka kumtuliza, akanijibu kwamba hilo ndilo linalomchoma zaidi. Kama Eunice angekuwa mjinga, yeye Ndila angemsamehe kila mtu na kulala. Lakini Eunice alisoma, akaelewa, akahesabu, na hesabu yake ilikuwa sawa. "Wanajua," akasema. "Wale watu wanajua kabisa kwamba hesabu yake itakuwa sawa."

Bado anasomea watu mikataba, mteja atake asitake. Wengine huondoka katikati. Juzi amemsomea mtu wa kuuza mbuzi masharti ya apu ya mkopo mpaka yule mtu akaifuta, halafu akamtukana, maana mkopo bado aliuhitaji.

Ndunge alitoka hospitali. Mkono ule sasa unashika kikombe, lakini kufunga kifungo cha blauzi hauwezi. Presha inahitaji kidonge kila asubuhi, na Ndila alidhani atakuwa anampigia simu kumkumbusha. Alijaribu siku ya kwanza nikiwa pale. Alimwambia mama yake ameze dawa.

"Nitajuaje ni wewe?" Ndunge akauliza.

"Mwaitu, ni mimi. Ni Ndila."

"Hata ile ilikuwa Ndila."

Akakata. Ndila alibaki ameishika ile simu, nikafikiri ataivunja. Aliiweka juu ya meza taratibu, akafunga duka, akachukua pikipiki mpaka Mbooni, kisha akapanda kwa miguu ile njia ya mawe hadi kwa mama yake. Amepanga dawa za wiki kwenye kikopo chenye vyumba saba, na kila Jumamosi anapanda tena kukijaza na kumwonyesha mama yake kipi ni cha siku gani. Jumamosi ndiyo siku yenye wateja wengi. Akirudi jioni viatu vimejaa vumbi jekundu, na ole wako umwambie pole.