Ushuhuda wa Siku ya Wageni

Wewe unayetafuta chuo cha Kikristo cha kumpeleka mwanao, kaa chini kwanza nikusimulie habari za Kengele. Si jina alilopewa na wazazi wake. Wanafunzi walimbandika kwa sababu ya sauti: akicheka pale mapokezi, darasa la ghorofani linasimama. Ni mjane wa makamo, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya meza yenye maua ya plastiki na kuwajibu watu kama wewe.

Na aliwajibu vizuri. Chuo ni kidogo, kweli. Walimu wanamjua kila mwanafunzi, kweli. Bustani ni safi, maktaba ina viti vya kutosha, ulevi hakuna, na jioni ukipita unasikia kwaya mpaka moyo unalainika. Yote hayo yamo kwenye vipeperushi, na hakuna lililotiwa chumvi. Kisichomo ni wiki ya mfungo.

Kila muhula ukianza, chuo kizima kinafunga. Si kwa hiari, thubutu! Jiko linatiwa kufuli mchana kutwa, na mlezi wa bweni la wasichana anapita kitanda kwa kitanda akipekua mabegi. Biskuti, karanga, pipi, vyote vinaingia kwenye ndoo yake. Mungu gani huyo wa kulindiwa ibada kwa ndoo? Lakini ndivyo walivyozoea, na mtu akishazoea kitu hakioni tena.

Mwaka mmoja Kengele alikuwa na mtoto wa kaka yake pale chuoni. Binti mwembamba, mpole, anasomea ualimu, na ana kisukari tangu utotoni, kile cha kujidunga sindano kila siku. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha! Alimwambia mlezi, akamwambia na Mchungaji, ambaye ndiye mkuu wa chuo. Kengele naye akaenda ofisini kwa Mchungaji kulirudia lilelile.

"Mchungaji, mtoto huyu asifunge. Akishinda na njaa ataanguka."

"Dada, hapa tumeona makubwa. Unamwekea Mungu mipaka?"

"Mungu simwekei chochote. Nakupa habari za mtoto."

"Nimesikia," akasema Mchungaji, na Kengele akarudi mezani kwake akidhani kusikia ni kuelewa.

Siku ya pili ya mfungo, ibada ya asubuhi ilirefuka mpaka jua likawa utosini. Binti alikuwa amejidunga sindano yake kama kawaida, maana ugonjwa haujui mfungo, na pipi zake zilikuwa kwenye ndoo ya mlezi. Sindano ile bila chakula huimaliza sukari ya damu. Jasho likamtoka. Mikono ikaanza kutetemeka. Akainuka kwenda nje kumtafuta shangazi yake.

Hapo ndipo walipofanya kosa ambalo ni watu wa chuo kile tu wangeweza kulifanya. Mlezi alimwona msichana anatetemeka, anaukimbilia mlango katikati ya maombi, akapiga ukelele, "Pepo anataka kutoroka naye! Mshikeni!" Wakamshika. Wakamlaza sakafuni, mmoja mguu huu, mwingine mguu ule, ngoma zikazidi, Mchungaji akamwekea mkono kichwani na kuanza kukemea. Mtoto wa watu anazimika, wao wanaimba!

Kengele alizisikia kelele zimegeuka, akaja kuchungulia. Akaviona viatu vya binti yao vikigonga sakafu kati ya miguu ya watu. Loo! Wanasema mlezi alipigwa kikumbo akaenda kukalia ngoma. Kengele akakimbilia droo yake, ambamo alikuwa ameficha sukari ya chai, mwenye dhambi huyo, akarudi akampaka mtoto ndani ya mashavu kidogo kidogo, huku akiwatukana watakatifu wote waliosimama pale matusi ambayo sitayarudia. Gari la chuo likampeleka binti hospitali, akatundikiwa dripu, akafumbua macho.

Ungedhani wangekuja kuomba radhi. Ng'o! Jumapili Mchungaji alitangaza muujiza. Binti aliyekuwa amekufa yu hai! Na kwa kuwa Siku ya Wageni ilikuwa imekaribia, siku ambayo wazazi huja na watoto wao kukiangalia chuo, akataka binti asimame mbele yao atoe ushuhuda.

Unajua nani aliyekubali? Baba yake. Alikuja na suti yake ya kanisani, macho yamelowa.

"Kaka, mwanao nusura afe," Kengele alimwambia.

"Lakini hakufa. Nani aliyemwinua?"

"Sukari! Sukari na dripu, kaka yangu!"

"Na sukari kaiumba nani?"

Kengele akakosa jibu, na hakuna kinachomkera kama kukosa jibu. Alitoka akaupiga teke mlango wa stoo. Jibu lilimjia akiwa anasugua kidole: Mungu kaiumba, mlezi kaitia kwenye ndoo! Lakini kaka yake alikuwa ameshaondoka.

Akamwendea binti bwenini. "Mwanangu, kama hutaki, usiseme. Wakikufukuza tutatafuta chuo kingine."

"Baba ameshasema ndiyo, shangazi."

"Baba yako hakuwa pale sakafuni."

Binti akaendelea kupiga pasi sketi yake.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, wazazi wanajipepea kwa vipeperushi, Kengele amesimama nyuma kabisa, amefura. Mchungaji alimtambulisha binti kwa maneno matamu, akamkabidhi kipaza sauti. Baba mtu alikuwa mstari wa mbele, mikono kifuani.

"Mimi sikuwa na pepo," binti akasema. Kipaza sauti kikapiga mluzi, akangoja kinyamaze. "Nilikuwa naumwa. Nilikuwa naenda nje, na mlango ulikuwa karibu tu, wakanishika. Niliwaambia niacheni, nakufa. Nikaambiwa anayesema si mimi." Akamtazama baba yake. "Baba, nilikuita."

"Haleluya!" Mchungaji akadakia, huku akinyoosha mkono achukue kipaza sauti. Hakuna aliyeitikia. Hata mpiga ngoma aliangalia viatu vyake.

Baba mtu akainuka. Mtu mpole yule, hajawahi kumpazia mtu sauti, nakuambia midomo ilikuwa inamcheza. Akapanda jukwaani, akamshika mwanawe mkono.

"Mzee, tulia kwanza tuombe," akasema Mchungaji.

"Nimeomba tangu nizaliwe. Leo nataka godoro la mwanangu."

Wakashuka. Mlezi alikuwa amesimama mlangoni, sijui kwa mazoea au kwa ujinga, akanyoosha mkono kama anayetaka kuwazuia. Kengele akamfikia kabla ya wote. "Mguse tena uone," akamwambia, kwa sauti ya chini kabisa, na wanaomfahamu walisogea. Mlezi akapisha njia. Kwa nyuma Mchungaji alikuwa anatangaza kwamba kuanzia dakika ile mama wa mapokezi si mfanyakazi wake tena, na Kengele hakugeuza hata shingo.

Walikuwa wameshafika bustanini, kaka analia waziwazi bila hata kujifuta, waliposikia hatua nyuma yao. Alikuwa mama mmoja kati ya wageni, kipeperushi mkononi, anatazama huku na huku kama mwizi.

"Dada, samahani," akamnong'oneza Kengele. "Wangu ana pumu. Tumeshamaliza kujaza kila kitu. Sasa unanishauri nini?"

"Yuko wapi?"

"Nimemwacha ndani, wanaanza maombi."

"Mama," akasema Kengele, "basi hapa nje unafanya nini?"