Bangili ya Jade na Shingo ya Neema

Siku ile nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwetu Uvira, mwanangu Neema akinisumbua nimpe mchi naye atwange. Alikuwa na miaka mitatu. Shingoni alikuwa na hirizi, kijifuko cha ngozi alichofungwa na mama mkwe wangu, kwa kuwa habari za askari zilishaanza kusikika. Mimi nilikuwa mwanakwaya, mlokole wa kupindukia. Nikachukua kisu, nikaikata, nikaitupa chooni, nikaendelea kutwanga.

Kesho yake, saa nne asubuhi, risasi zikaanza.

Nilimbeba Neema mgongoni. Mama mkwe tulipotezana naye sokoni.

Barabarani nikasikia mwili wa mtoto umeshtuka, kisha ukawa mzito.

Niliendelea kukimbia.

Mwaka 1999 nilikuwa mkimbizi ng'ambo, naishi Adelphi, Maryland, na kazi yangu ilikuwa kumhudumia Bibi Mei, mzee wa Kichina aliyekaa kwa mwanawe katika mji wa Fairfax. Mkononi alikuwa na bangili ya jade, jiwe la kijani, aliyovishwa na mama yake akiwa msichana. Mkono ulishanenepa, haikutoka tena. Aliniambia jiwe hilo huishi pamoja na mwenye kulivaa, hunywa joto la mwili wake na kuzidi kung'aa, na siku ya balaa hupokea pigo kwa niaba yake. Nikajisemea, hirizi tena! Kila nilipomwosha mkono ule nilikemea mapepo chini chini, yeye akidhani naimba.

Siku moja akateleza bafuni. Bangili ikavunjika vipande viwili. Yeye hakuchubuka hata kidole. Akaviokota, akavifunga kwenye kitambaa chekundu taratibu, kama anayevisha maiti sanda.

"Limekufa badala yangu," akasema. "Lazima nilishukuru."

Nikakaa palepale sakafuni penye maji, nikamwambia nililomficha kila mtu, hata mchungaji wangu: niliikata kinga ya mwanangu kwa mkono wangu, na kesho yake akafa. Kiingereza chetu sote kilikuwa cha kubahatisha, lakini alielewa.

Akakishika kile kitambaa chekundu kwa mikono miwili. "Wakati wa vita vya kwetu, mdogo wangu alivaa jade kama hii. Tulimkuta chini ya ukuta ulioanguka. Bangili ilikuwa nzima, haina hata ufa."

"Kwa hiyo jiwe halikufanya kazi?"

"Sijui. Mama alituvisha sote kwa sababu alitupenda. Hilo ndilo ninalolijua."

Hapo ndipo maneno yake yaliponichoma. Miaka mitatu nilijiuliza kama hirizi ile ingezuia risasi. Sikuwahi kumfikiria aliyeifunga. Mama mkwe alikuwa hai, katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Nilikuwa nimemwandikia tu kwamba mtoto hakufika, basi. Jumamosi nikanunua kadi ya simu, nikapiga parokiani huko, wakamwita. Nikamwambia nilivyoikata hirizi yake.

"Nilijua," akasema. "Nilimuona shingo yake ile asubui. Ulimuzika wapi, Mama Neema?"

Nilikuwa nimemlaza kando ya barabara, nikamfunika kitenge, nikakimbia na wenzangu.

"Sikumuzika, Mama."

Nikamsikia anapumua.

"Basi tumulilie vile vile, bila kaburi."

Akaanza yeye. Nami nikamfuata, mara yangu ya kwanza tangu vita.