Mvule Unapopukutika

Neno kupukutika nilifundishwa na mume wangu, aliyekuwa amefanya kazi ya reli huko pwani akarudi na Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu cha sokoni. Mimi ni Msamia wa Masafu, nikaolewa Paya kwa Wadhola, na mama mkwe wangu na mimi tulielewana kwa Kiswahili tu, tena cha kuokoteza. Sisi tulisema majani yanaanguka. Mume wangu alicheka. Papai huanguka, akasema, na tawi hukatika. Majani ya mti hupukutika, machache machache, bila kutikiswa na mtu, hata mti ukabaki uchi, na bado u hai.

Mvule mkubwa ulisimama katikati ya uwanja wetu, na kila kiangazi ulinipukutikia mimi, mke wa nyumba, mwenye ufagio. Unafagia, unanyoosha mgongo, ukigeuka nyuma ni kama hukufagia. Niliuchukia mti ule.

Kisha vita vya Wazungu vikamchukua mume wangu. Habari zake zilikuja kwa muda, halafu zikakoma. Mama mkwe, aliyekwisha kuzika watoto wake wengine wote, akaanza kulitumia lile neno kama watu wengi wanavyolitumia, kwa ukoo unaoishiwa na watu.

"Watoto yangu yote imepukutika," aliniambia jioni moja tukimenya mihogo. "Hata huyu wako. Tumlilie, mwanangu. Mimi nachoka kungoja."

"Mama, hakuna mtu ameleta habari."

"Nani ataleta?"

Wazee wa ukoo walikuwa upande wake. Mume wangu akishaliliwa, ningerithiwa na binamu yake, mtu mwenye wake wawili na mdomo mrefu. Nilikataa, lakini si kwa maneno, maana maneno ya mke wa kuja hayana uzito. Kwao na kwetu, uwanja wa msiba haufagiwi mpaka matanga yaishe. Basi mimi nilifagia. Kabla jua halijatoka nilikuwa nimeshainama, ili kila apitaye njiani aone kwamba hapa hajafa mtu. Kiangazi kile mvule haukunionea huruma hata kidogo. Nilichoka mpaka nikawa nasinzia nimesimama. Nisisifiwe kwa hilo. Nilikuwa mkaidi tu, na nilimtaka mume wangu.

Asubuhi moja homa ilinilaza. Jua lilipanda nikiwa kitandani, na majani yakafunika uwanja wote. Jirani aliyekuwa akienda kisimani aliyaona, akatua mtungi, akapiga yowe. Nilipojikongoja hadi mlangoni, watu walikuwa wamejaa. Wanawake wamejifunga viuno, binamu amevaa koti lake la kanisani, na wote wanamlilia mume wangu kwa jina. Hakuna aliyeuliza habari imeletwa na nani. Nilikaa chini nikalia nao. Nilikuwa nimechoka, na kulia kulikuwa rahisi kuliko kufagia.

Mama mkwe alitoka nyumbani kwake akasimama akiwatazama. Nilidhani amepata alichokitaka. Akaenda akachukua ufagio wangu, yeye ambaye kwa desturi hakupaswa hata kuugusa, akaanza kufagia katikati ya miguu yao.

"Ondoa mguu," alimwambia binamu. "Nani alikuambia mtoto yangu amekufa?"

Walitazamana, kilio kikafifia, wakatawanyika. Mama aliendelea kufagia hadi nyuma ya ghala, akilia bila sauti.

Mume wangu hakurudi, wala habari hazikuja. Tangu siku ile tulifagia sote, mimi asubuhi na mama jioni, na hakuna aliyetaja tena matanga. Miaka ikapita hivyo. Mama alipofariki kilikuwa kiangazi tena, na uwanja ukaachwa bila kufagiwa kama ipasavyo. Nililia mpaka wanawake wa ukoo wakanong'onezana kwamba hajapata kuonekana mkwe ampendaye mama mkwe wake namna ile. Ni kweli nilimpenda. Lakini siku zile niliwalilia wawili.