Njia ya Nyota Kichwani Mwangu

"Ukifumua hata mstari mmoja, Mama, mimi na wewe basi!"

"Kinaniwasha!" nikasema. "Kwani kichwa hiki ni cha nani, chako au changu?"

"Kwa leo ni cha wote," akadakia Fundi Cherehani. Alikuwa kashika pedi ya mchezo wa televisheni, ile ya vitufe, kwa mikono miwili, kama dereva wa lori kwenye kona. "Bibi, tulia basi. Hapo juu ya sikio pana nyota, usiikune."

Aliyenitishia ni binti yangu wa kumzaa, na mtaa mzima unamwita Msusi. Saluni yake ni chumba kimoja: kioo kikubwa chenye ufa pembeni, viti viwili, benchi la wanaosubiri, kikaushio cha nywele chenye kofia kinachonguruma kama simba mwenye mafua, na televisheni ukutani. Sisemi kwa kuwa ni wangu, lakini mikono ile ipe kichwa cha mwendawazimu, itakurudishia kina akili. Alianza kusuka wanasesere, akasuka wenzake, akasuka mikia ya mbuzi wa jirani mpaka mbuzi wakawa hawataki kulala chini wasiharibu nywele. Mume alipomfia, mikono hiyohiyo ndiyo iliyomlea binti yake wa pekee, mjukuu wangu, tuliyempachika jina la Maswali, maana alizaliwa anauliza na hajanyamaza.

Na ugomvi wetu wa siku ile ulitokana na Maswali, ingawa hakuwepo.

Mama yake alimwekea kiti cha kusukia wateja. Kile cha pili, cha karibu na dirisha, hakishikwi na fundi mwingine. Kilikuwa kinamngoja yeye. Maswali akasema hakitaki, amepata kazi mbali, anakwenda. Wakatupiana maneno ambayo mimi mwenyewe, mwenye mdomo huu, niliyaogopa. "Unanikimbia," mama alisema. Mtoto akautoa mtambo wake wa michezo ya televisheni, akauweka juu ya rafu ya mafuta ya nywele. "Mama, humu mna mchezo mmoja. Ucheze mpaka mwisho, halafu uniambie umeuonaje. Siku hiyo tutazungumza." Akaenda zake.

Msusi akautupia taulo mtambo ule, kama mtu anayefunika maiti. Hata kuutazama hakutaka.

Kumbe mvua ina kazi zake. Siku moja ilinyesha, wateja wakakwama ndani, na Mkunga, yule aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa huu, akachoka kuangalia ufa wa kioo. Akafunua taulo, akawasha.

Wewe! Giza lilijaa kwenye televisheni, halafu nyota zikamwagika.

Mchezo wenyewe ni hivi. Kuna mwanamke yuko peke yake ndani ya chombo cha angani. Dada yake kaondoka zamani na chombo kingine, na yeye anamfuata. Hana bunduki, hana panga. Ana milango tu. Kila mlango una fumbo lake, na ukilifumbua unasikia maneno ya dada aliyoyaacha humo. Basi.

Tangu siku hiyo saluni ikawa na desturi yake. Msusi mikono yake imo kwenye nywele za watu, hawezi kushika pedi. Anayesukwa ndiye anayebonyeza, na Msusi anaelekeza kutoka nyuma: "Kulia. Rudi. Hicho chenye taa." Amevuka milango yote kwa mikono ya wateja, yeye hata kitufe kimoja hajakigusa.

Na kila mtu alikuwa na lake la kusema.

"Mchezo gani huu hauna hata mtu mmoja wa kumpiga?" Fundi Cherehani alilalama. "Mlango, mlango, mlango! Mimi kufungua na kufunga nimekuacha kazini, kwenye vifungo." Lakini nguo za watu zikawa zinachelewa, kila siku yuko kwetu, kaja kulalamika.

Mkunga yeye alisema jambo moja tu. "Kuna kimya mimi nakijua. Mtoto keshatoka, hajalia bado. Chumba kizima kinasubiri. Mchezo huu wote ni kile kimya."

Mimi niliwaambia wachoraji wamekosea, maana huko juu nimekwishafika. Nilikuwa nachoma mkaa, moshi ukawa mzito, nikaukanyaga kupima kama unabeba, ukabeba. Nilipanda mpaka nikasikia nyota zinavyovuma, kama nyuki. Nilishuka kwa sababu nilikumbuka nimeacha sufuria jikoni. Wasioamini wamtafute mwingine aliyefika, wamwulize.

Sasa tulibakiwa na fumbo la mwisho. Chombo kinaonyesha njia ya kupita katikati ya nyota mara moja tu, halafu ramani inazimika. Ukikosea kona moja, unarudishwa mwanzo. Ramani hiyo ilipotokea, mimi ndiye niliyekuwa kitini. Msusi aliitazama njia, na vidole vyake havikumngoja: vikaisuka ileile kichwani mwangu. Kila palipokuwa na nyota akafunga fundo dogo la uzi. Ndivyo nilivyogeuka mbingu, mimi niliyezoea kuitwa balaa.

Nililala na mbingu ile, nikaamka nayo, na safari hii Fundi Cherehani ndiye aliyebonyeza akinisoma kichwa, tukarudishwa mwanzo. Tukajaribu tena, tukarudishwa. Na Maswali alikuwa ametuma ujumbe: anakuja, leo.

"Atanikuta sina la kumwambia," Msusi alisema polepole, akichana kichwa cha Mkunga aliyekuwa kwenye kiti cha pili. "Nitaanza tena kusema yale ya siku ile. Najijua."

Hapo ndipo nilipotaka kufumua, na ndipo uliponikuta nikigombezwa.

Fundi Cherehani akasogea mbele yangu, akainama, akaanza kunisoma tena. Pua yake karibu igonge yangu.

"Mbona unanikodolea usoni kama unanichumbia?" nikamwambia. "Toka hapo! Umeona wapi mtu anasuka amesimama mbele? Kichwa kina kisogo, mwanangu, wasusi husimama nyuma."

Nilikuwa namchokoza tu. Lakini kwenye kioo nikamwona binti yangu ameganda.

"Mama. Sema tena."

"Kwamba ananichumbia?"

"Nilisuka nikiwa nyuma yako!" Akajipiga paja. "Na sisi muda wote tunakusoma kwa mbele. Kulia kwetu kote ni kushoto, na tunaanzia mwisho!"

Mkunga akacheka mpaka akashika mbavu. Fundi Cherehani akatoka mbele yangu ameinamisha kichwa, akanyoosha pedi kwa yeyote.

Aliyeipokea ni Msusi.

Aliacha kichwa cha Mkunga nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama moto. Hata mafuta hakufuta. Akaja nyuma yangu, akaegemeza viwiko mabegani mwangu, na nikausikia moyo wake mgongoni kwangu. Akabonyeza.

Fundo la kwanza, nyota ikapita. La pili, ikapita. Zikawa zinakuja kubwa, nyeupe, kisha za rangi ambazo sina majina yake, na chombo kile kidogo kikapenya katikati yake kama sindano kwenye hariri. Kikaushio kilizimwa, sijui na nani. Nyota ya mwisho ilipotupita, giza lote likafunguka, na mbele yetu ikawa nuru iliyojaa ukuta, ikajaa kioo, ikajaa nyuso zetu. Mimi nina uongo kwa kila jambo. Siku ile niliutafuta, nikaukosa.

Kisha sauti ya dada: "Sikukuchoka. Niliiona nuru hii kwa mbali, nikashindwa kukaa. Nimekuachia njia."

Kilikuwa ni kile kimya cha Mkunga.

Tone likanidondokea utosini, la moto.

"Haya, sisi tumeshasema yetu," Mkunga alinong'ona mwishowe. "Na wewe, umeuonaje?"

Msusi akavuta makamasi. "Mimi nimeona... nimeona kwamba mwanangu hakunikimbia..."

Pazia la mlangoni likasogea. Maswali alisimama pale na begi begani. Alitazama televisheni, akatazama pedi inayong'aa mafuta mikononi mwa mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuuliza kitu.